Kitambulisho na Mlango wa Ofisi ya Umma

Liko swali linaloonekana dogo, lakini ndani yake mna suala zima la uhusiano kati ya dola na umma: je, ni haki mwananchi kudaiwa kitambulisho kila aingiapo katika eneo la Serikali? Wako makada wanaojibu upesi kwamba ni haki, kwa sababu ya usalama. Sisi tunaona jibu hilo ni la kirasimu, na tunalikosoa.

Kwa mkoloni, karatasi ya kumtambua Mwafrika haikuwa ya kumhudumia. Nchini Kenya mwanamume alilazimishwa kuvaa kipande shingoni, ili akitoroka kwa mwajiri akamatwe. Kwetu Tanganyika kipande kilihesabu siku za kibarua katika mashamba ya mkonge. Baada ya Uhuru tulirithi majengo ya mkoloni, na baadhi yetu tukarithi na tabia zake. Katika kampeni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, mtu wa mjini asiye na kitambulisho cha kazi aliweza kukamatwa kama mzururaji.

Hanang inatupa funzo zito zaidi. Wanakijiji wa Mulbadaw walilishtaki shirika la umma, NAFCO, kwa kuingilia ardhi yao kwa ajili ya mashamba ya ngano. Mahakama Kuu iliwapa ushindi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilitengua hukumu hiyo, na moja ya sababu ilikuwa kwamba hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi ya wakati ule. Basi anayedai uthibitisho na anayedaiwa hawana nguvu sawa, hata kama sheria ni moja kwa wote.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka mlima Hanang viliifunika sehemu ya Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Aliyesombewa nyumba alisombewa na vilivyokuwamo, karatasi zake zikiwa humo. Mtu huyo akifika kuomba msaada, mlinzi akamwambia arudi na kitambulisho, ofisi itakuwa imemfungia mlango yule yule inayemhusu kuliko wote.

Hatusemi milango iachwe wazi ovyo. Ghala la silaha, chumba cha fedha na majalada ya siri vinahitaji ulinzi, na hati ya ardhi haitolewi kwa mtu asiyejulikana. Sheria ya Usajili na Utambuzi wa Watu ilitungwa mwaka 1986, lakini vitambulisho vya kwanza vya taifa vilitolewa mwaka 2013. Dola iliyochukua miaka 27 kutoa kadi haiwezi kumlaumu mkulima asiyekuwa nayo.

Msimamo wetu ni huu. Kwanza, langoni aulizwe shida yake kabla ya karatasi yake. Pili, asiye na kadi aandikwe kitabuni, au atambuliwe na balozi wa nyumba kumi au mtendaji wa kijiji. Tatu, mtumishi ndiye atangulie kuvaa jina lake kifuani, kwa kuwa Katiba, ibara ya 8, inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Mwenye nyumba ana haki ya kumjua mtumishi wake.

Kada anayepita langoni kwa kupigiwa saluti asimame siku moja nyuma ya foleni, asikie wananchi wanavyoulizwa. Kisha akalieleze tawi lake.