Herufi Kiganjani

Bibi yangu, hapa Kirushya, alipofushwa na presha ya macho kabla sijaanza shule. Kusoma alikuwa amejifunza ukubwani, kwenye kisomo, na hakutaka herufi zimtoke. Jioni alinyoosha kiganja nami nikamchorea kwa kidole. Nikimgandamiza kwa vidole vyote kwa mpigo, alisema, "Hapo hujaandika kitu, mjukuu wangu." Nikiburuta kimoja taratibu, alitabasamu: "Hiyo ni N."

Mtoto wa jicho huondolewa, lenzi ikawekwa. Ila mshipa wa kuonea ukifa, kama kwa presha ya macho, jicho halina tena njia ya kupeleka habari. Lakini sehemu ya ubongo inayoona, huku nyuma kisogoni, huweza kubaki hai. Mwaka 1968, huko Uingereza, Giles Brindley na Walpole Lewin walitangaza kwamba walilaza elektrodi 80 juu ya ubongo wa mama mmoja asiyeona. Umeme ulipopita, aliona vitone vya nuru, kila kimoja mahali pake.

Ilidhaniwa basi kwamba ukiwasha vitone vingi pamoja utapata herufi. Kumbe vikiwaka pamoja huchanganyikana, likabaki doa lisilo na sura. Michael Beauchamp, Daniel Yoshor na wenzao wa Chuo cha Tiba cha Baylor, Houston, walitangaza mwaka 2020 njia nyingine: kuchora. Umeme hugusa elektrodi moja, ukahamia ya pili, kisha ya tatu. Penye pengo, elektrodi mbili jirani hugawiwa umeme kwa vipimo, na nuru ikatokea katikati, mahali pasipo na elektrodi.

Kabla ya kuchora, fundi huutafuta mpangilio wa ubongo ulio mbele yake. Huwasha elektrodi moja, akauliza nuru imetokea wapi, naye asiyeona huonyesha kwa kidole kwenye skrini. Kisha nyingine, na nyingine tena. Ndipo herufi huchorwa, na asiyeona akaichora upya kwa mkono wake. Mmoja wa wasioona waliojaribiwa aliweza kutambua hadi maumbo 86 kwa dakika.

Huku bado si kuona migomba wala uso wa mjukuu. Hata hivyo naiheshimu sana kazi hii ya umeme mdogo unaokwenda hatua kwa hatua, na ya fundi asiyechoka kuuliza. Bibi angeielewa. Nilipoharakisha, alikishika kidole changu na kusema, "Polepole. Usikinyanyue mpaka ufike mwisho."