Njia Ndiyo Ichaguayo

Ukikaa nje ya uwanja wa ndege wa Malindi utajua ndege imefika kabla hujaiona. Kwanza husikika mvumo wa mbali juu ya minazi. Mvumo hushuka, hutulia nukta mbili tatu, halafu ngurumo: rafadha zimegeuzwa, sasa zinasukuma upepo mbele ili ndege isimame. Kijana wa tuktuk niliyekuwa nimeketi naye kivulini hakuinua hata kichwa. Aliisikia ngurumo, akafuta kioo kwa kitambaa, akasema, "Ishatua, Ami." Kisha akaniuliza, "Hivi mbona za jeti haziji huku? Mombasa zipo. Sisi twaletewa za panga tu."

Sikumjibu vizuri siku ile. Nilimwambia ni mambo ya pesa, naye akaridhika, kwa sababu jibu la pesa huridhisha kila mtu. Lakini swali lake ni la kiufundi, na marubani huliishi maisha yao yote: chombo gani, kwa njia gani?

Abiria hudhani rubani hupanda vyeo kama mtu anayebadilisha magari, kutoka dogo hadi kubwa, kutoka panga hadi jeti. Ngazi hiyo ipo. Kijana wa Kenya aliyemaliza chuo huenda akaanzia uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenye Cessna Caravan yenye injini moja, akipeleka watalii kwenye viwanja vya vumbi. Akibahatika huingia kwenye Dash 8 au Fokker 50, kisha siku moja jeti. Lakini kila aina ya ndege ina kibali chake kwenye leseni, na kibali hakipatikani kwa kusoma kijitabu. Ni wiki za darasani, kisha simuleta, ambako injini huzimwa makusudi na moto wa bandia huwashwa wakati wewe umechoka. Hata ukishahitimu, hurudishwa mtihanini mara kwa mara. Kwa hiyo kuchagua ndege ni kama kuchagua fundi wa kujifunza kwake: atakupa mkono wake, na mkono huo utakaa nawe.

Tazama jeti mbili ndogo zilizojulikana sana katika anga yetu. CRJ ya Kanada, ile yenye injini mbili mkiani, ni nyembamba kama kalamu. Ile ya viti 50 haina vibawa vya kufunguka kwenye ukingo wa mbele wa bawa, vile ambavyo husaidia ndege kuelea polepole. Kwa hiyo huja kutua kwa kasi, pua imeinama, na rubani wake huongoza nguvu za injini kwa mkono, sekunde baada ya sekunde. Ndugu yake mkubwa, CRJ900, ndiyo Uganda Airlines iliyofufukia nayo mwaka 2019. Embraer 190 ya Brazil, ambayo Kenya Airways huirusha ikiwa na viti 96, ina tabia nyingine: injini ziko chini ya mabawa, viti ni viwili viwili, na mashine yenyewe huweza kushika kasi uliyoiagiza. CRJ hufundisha mkono. Embraer hufundisha jicho, maana kazi ya rubani sasa ni kuisimamia mashine bila kusinzia ndani ya starehe yake.

Ningekuwa rubani ningeitamani Embraer, sitaficha. Lakini Malindi haikuulizi unatamani nini.

Njia ya kurukia ya Malindi ina urefu wa takriban mita 1,400. Ile ya Mombasa inapita kilomita tatu, na ya Jomo Kenyatta, Nairobi, inapita nne, kwa kuwa kule juu, mita 1,600 na zaidi kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na ndege hukimbia sana kabla ya kubebwa. Embraer 190 yenye mzigo wake wote ina uzito wa karibu tani 50, na kuondoka kwake kwataka kilomita mbili hivi. Ikiwa nyepesi itajikunja iingie Malindi, kwa hesabu za karatasi. Lakini jeti inayolazimika kuacha watu na mafuta ili iweze kuondoka ni jahazi lililotupa shehena baharini.

Wengi hudhani ugumu ni kutua. Marubani watakuambia mtihani mkubwa ni kuondoka. Kabla ya kila safari wao hukokotoa kasi moja ya kukata shauri. Injini ikifa kabla ya kasi hiyo, unasimama, na lazima lami ikutoshe. Ikifa baada yake, unaruka na injini iliyobaki, na lazima vilele vya minazi vikae chini yako. Hesabu hii hubadilika kila siku. Joto la saa saba mchana hupunguza uzito wa hewa. Mvua huloanisha lami. Upepo nao una zamu zake. Njia ya Malindi inaelekea kaskazini na kusini, kwa hiyo kusi ikivuma rubani huielekezea pua na kuipokea kifuani, ikimsaidia kunyanyuka. Kaskazi huja kwa ubavu kidogo, ikimtaka aikabe ndege kwa miguu na mikono. Mvuvi wa Mayungu, kijiji cha pwani hii, angeielewa hesabu hii bila kufundishwa.

Ndipo Dash 8 Q400 inapoingia. Uzito wake wa juu kabisa ni tani 30 hivi, na hata ikiwa imejaa inahitaji mita zisizozidi sana 1,400. Safari ya kilomita 400 hivi hadi Nairobi haitaki mafuta mengi, kwa hiyo huondoka ikiwa chini ya kikomo chake, na njia inatosha. Kampuni ya Jambojet ilianza kuruka mwaka 2014 kwa Boeing 737, kisha ikahamia Q400 za viti 78. Jina lina jeti, ndege zina rafadha, na abiria wa Malindi hafiki amechelewa kwa hilo. Piga hesabu: kwa mwendo wa kilomita 660 kwa saa dhidi ya 830, jeti ingekuokolea dakika saba au nane, ambazo utazipoteza ukingoja begi lako.

Usidhani hiyo ndiyo ndege ya wanafunzi. Q400 ina urefu wa karibu mita 33, na ukiinua pua kupita kiasi wakati wa kutua, mkia hukwaruza lami. Kwa hiyo ndege inapozama mno karibu na ardhi, rubani hafunzwi kuvuta usukani kama moyo wake unavyomwambia. Hufunzwa kuongeza nguvu kidogo. Rafadha zake mbili, kila moja na mapanga sita, hupuliza upepo juu ya bawa, na upepo huo ni sehemu ya kinachoibeba ndege. Ukate ghafla, nayo itashuka kama nazi. Uachie pole pole, nukta kwa nukta, na magurudumu yatagusa pale pale mwanzoni mwa njia, mahali panapotakiwa. Pale Malindi kutua kwa ulaini huku umeacha nusu ya lami nyuma yako si sifa. Kishindo kidogo mahali sahihi ndiyo sifa, ingawa abiria atanung'unika.

Kusoma njia na upepo hakukuanza na ndege: neno rubani lenyewe lilitoka majini. Kabla ya ndege lilikuwa la mjuzi anayeongoza chombo cha bahari, na rubani mashuhuri kuliko wote wa mji huu ni yule ambaye mfalme wa Malindi alimpa Vasco da Gama mwaka 1498. Wanahistoria bado wanabishana alikuwa nani. Kazi yake haibishaniwi: waliondoka Aprili 24, msimu ulipokuwa unageuka, wakaiona pwani ya India katika siku 20 na kidogo, na Mei 20 walitia nanga karibu na Calicut. Wareno walipoondoka Calicut mwishoni mwa Agosti bila kungoja kaskazi, walirudi Malindi Januari 1499 wakiwa hoi, wengi wamekufa njiani. Bahari ni ile ile na vyombo ni vile vile. Kilichokosekana ni kuisikiliza njia inasemaje mwezi ule.

Kwa miaka mingi sasa pamekuwa na mpango wa kuirefusha njia ya Malindi. Ikirefushwa, jeti zitakuja, na rubani atapiga hesabu zake upya.

Juzi nilimpata tena yule kijana, nikaamua kumlipa deni la jibu. Nilipofika kwenye rafadha na mita 1,400 niliona macho yake yamehama, basi nikamgeuzia swali: mbona yeye hakununua gari la Probox, ikabeba watu wengi na kupendeza zaidi?

Alicheka. "Ami, Probox ipite wapi kwenye vichochoro vya Shela?"

Juu ya minazi mvumo ulikuwa umeanza kushuka. Akawasha tuktuk.