Neno "Jinsia" katika Mabishano ya Wakatoliki

Miongoni mwa istilahi zilizotoka ofisini zikaingia kanisani, ni chache zilizobeba mzigo mzito kama "jinsia". Tumefuatilia kwa muda mijadala ya wanaharakati wa Kikatoliki nchini, ile ya mikutanoni na ile ya mitandao ya kijamii, na tumeona kwamba mara nyingi wabishanao hawahitilafiani sana katika imani, wala katika haki za wanawake. Neno moja limepewa maana tatu, na kila mmoja ameshika yake.

Asemaye "usawa wa kijinsia" anakusudia nafasi na wajibu ambao jamii humpa mwanamume na mwanamke. Asemaye "ndoa ya jinsia moja" amekwisha kuligeuza neno lilelile kuwa maumbile. Na "unyanyasaji wa kijinsia", vinywani mwa wengi, hudhaniwa kuwa ni habari ya ngono tu, ilhali kipigo na kunyimwa urithi navyo vimo humo.

Asili ya neno haitusaidii sana, ingawa inachekesha. "Jinsi" tumeipata kwa Waarabu, kwa maana ya aina, nao waliipata kwa Wayunani. Neno la Kiingereza tunalohangaika kulifasiri, gender, limetokana na Kilatini, na ni la ukoo huohuo. Kwa hiyo tunafasiri ndugu kwa ndugu, na bado hawaelewani. Waarabu wenyewe leo wakisema "jinsiya" aghalabu wanakusudia uraia.

Ugomvi huu si wa Waswahili peke yao. Katika Mkutano wa Beijing wa mwaka 1995, ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania, Bibi Gertrude Mongella, ujumbe wa Vatikani ulioongozwa na Profesa Mary Ann Glendon ulitoa tamko maalumu juu ya neno hilo moja: kwamba unalielewa kuwa limejengwa juu ya maumbile ya mwanamume na mwanamke. Mwaka 2016, katika waraka Amoris Laetitia, Papa Fransisko alikubali kwamba maumbile na nafasi ya kijamii vyaweza kutofautishwa, lakini si kutenganishwa. Hapo Kiswahili kina bahati, maana vitenzi hivyo viwili tunavyo, navyo havichanganyikani.

Bahati hiyo huishia hapo. Hati ya Dignitas Infinita ya mwaka 2024 inalaani ukatili dhidi ya wanawake, na katika kurasa zilezile inaikataa nadharia ya jinsia. Mfasiri atakayeandika "ukatili wa kijinsia" hapa na "nadharia ya kijinsia" kule ataifanya hati ijipige yenyewe. Msomaji wa haraka atauliza: hiyo jinsia tunaitetea au tunaipinga?

Swali hilo si la wasomi tu. Tuseme yuko mama katika kata ya Vugiri, huko milimani wilayani Korogwe, ambaye Kisambaa ndicho alichonyonya nacho. Jumapili anasikia mhubiri akionya juu ya "mambo ya jinsia" yatokayo ng'ambo. Jumatano anapigwa na mumewe, na jirani anamwelekeza kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Je, hatasita mlangoni? Hata mwanachama wa WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki uliopo tangu mwaka 1972, akisimama kudai haki ya mjane, atalazimika kwanza kueleza kwamba jinsia yake siyo ile iliyohubiriwa.

Wako wapendekezao kwamba "jinsi" ibaki ya maumbile na "jinsia" iwe ya jamii. Waandishi kadhaa wa maendeleo hufuata mgawanyo huo, nao unapendeza karatasini. Sikioni haupendezi. "Kijinsi" na "kijinsia" zikipita katika kipaza sauti cha kanisa hazina tofauti, na "jinsi" yenyewe ina kazi nyingine tele, tangu jinsi ya kupika hadi jinsi ya kulipa kodi.

Sisi tungependelea mfasiri arefushe. Palipo na nadharia inayokataliwa, aandike "nadharia inayotenga jinsia na maumbile". Palipo na kipigo, "ukatili dhidi ya wanawake", kama hati yenyewe isemavyo. Ni maneno mengi, twakiri, na mpiga chapa atanung'unika. Hatutarajii "jinsia" iondoke ofisini: imo hata katika jina la Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Walimu na makatekista wa Korogwe na Handeni, ambao hulifafanua neno hili kwa Kisambaa na Kizigua kila wiki, tunawaomba watuandikie ni maneno gani wanayoyatumia.