Saa Inasema Hivi, Hewa Inasema Vile

Anayeuza gari lenye turbo hukuambia kwanza kwamba linakimbia, na mara nyingi hasemi uongo. Subaru Legacy GT ya cc 2,000, toleo la 2003 hadi 2009 lenye gia otomatiki ya hatua tano, ilitoka kiwandani na hospawa 260. Hata ikipungukiwa na 60, bado itayaacha nyuma magari mengi tunayopishana nayo kila siku, na mnunuzi aliyezoea Vitz au IST ataona amepata gari la maana. Ndiyo sababu injini iliyochoka huuzika kirahisi kwenye gari la kasi kuliko kwenye gari la kawaida. Nguvu iliyobaki inaificha ile iliyopotea.

Legacy ninayoieleza hapa ililetwa kwa fundi mjini Arusha, na mwenyewe alikuwa na lalamiko moja tu: inakula mafuta. Taa ya injini haikuwaka, hakukuwa na mlio wa ajabu, na kwa maoni yake gari lilikuwa na nguvu za kutosha. Fundi aliona moshi mweusi kidogo kila alipokanyaga ghafla. Tulikubaliana lipimwe kwa mwendo kabla ya kufungua hata nati moja.

Kipimo ambacho kila mtu anakijua ni 0 hadi 100. Kwa gari la otomatiki, nakiona ni kipimo kibaya cha afya ya injini. Kati ya injini na giaboksi kuna konveta, inayopitisha nguvu kwa mzunguko wa mafuta yaliyomo ndani yake. Gari linapoondoka, konveta huteleza, na katika kuteleza huko huongeza nguvu ya kuzungusha inayofika kwenye gia. Kisha giaboksi inaingiza ya pili, halafu ya tatu, kwa wakati inaouchagua yenyewe kufuatana na joto la mafuta yake na jinsi ulivyokanyaga. Ukipata sekunde 8 pale ulipotarajia 7, huwezi kujua ile sekunde imeliwa na nani: injini, konveta, klachi za ndani ya giaboksi, au mguu wako uliochelewa kuachia breki.

Wapo mafundi wanaopima kwa kubana: breki imekanyagwa kabisa, gia iko D, mafuta mpaka chini, kisha wanasoma mizunguko inaishia wapi. Mizunguko ikiwa chini ya ile iliyoandikwa na kiwanda, injini ni dhaifu au konveta yenyewe ina kasoro. Ikiwa juu, klachi za giaboksi zinateleza. Ni kipimo halali, kimo kwenye vitabu vya ufundi, lakini hakitakiwi kuzidi sekunde 5, kwa kuwa nguvu yote ya injini inageuka joto ndani ya mafuta ya giaboksi. Kwa gari ambalo historia yake huijui, mimi sishauri kuanzia hapo.

Tulipima gari likiwa tayari linatembea. Legacy hii inakubali kuchaguliwa gia kwa mkono, kwa hiyo dereva aliiweka ya tatu, akatulia kwenye kilomita 50 kwa saa, kisha akakanyaga mafuta mpaka chini na kushikilia hadi mshale ulipopita 100. Muda uliohesabiwa ni wa kutoka 60 hadi 100 tu. Katika kipande hicho hakuna gia inayobadilika, turbo imeshaamka, na injini iko kwenye eneo lake zuri: toleo la otomatiki lilipewa Nm 343 kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika. Kilomita 100 kwa saa zinatosha kabisa. Anayetaka kufika 180 ili ajue hali ya injini anahatarisha watu bila kupata taarifa ya ziada. Hata hiyo 100 hatukuitafuta kwenye barabara kuu, yenye watoto wanaovuka na trafiki mwenye tochi. Tulitumia njia iliyonyooka isiyopita watu, kwa ruhusa ya wenyewe.

Maandalizi yalichukua muda mrefu kuliko kipimo, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Gari liliendeshwa kwanza mpaka mafuta ya injini na ya giaboksi yakapata moto. Upepo wa matairi ulisawazishwa, AC ikazimwa. Uzito ulichukuliwa kwenye kadi ya gari, tukaongeza watu wawili na mafuta, ikaja kama kilo 1,600. Kila mbio ilirudiwa upande wa pili wa njia na muda ukatafutiwa wastani, maana mteremko ambao jicho halioni unaharibu hesabu: kwa uzito huo, mwinuko wa asilimia 1 peke yake unadai kilowati 3.5 hivi gari likiwa kwenye 80.

Muda tuliupata kwa kurekodi dashibodi kwa simu. Video ya kawaida ina picha 30 kwa sekunde, kwa hiyo ukiihesabu picha kwa picha unapata usahihi ambao kidole kwenye stopwochi hakiwezi. Kuna mtego mmoja: kipima mwendo cha gari huwa kinazidisha. Kikisema 100 na GPS ikasema 95, na wewe ukafuata dashibodi, nishati uliyoihesabu imezidi kwa karibu asilimia 11, kwa kuwa nishati inakwenda kwa kipeo cha pili cha mwendo. Tulikilinganisha na GPS katika mwendo uliotulia, tukarekebisha kabla ya kuhesabu.

Hesabu yenyewe ni ya fizikia ya sekondari. Kulitoa gari la kilo 1,600 kutoka 60 hadi 100 kunahitaji kilojuli 395. Tuseme limetumia sekunde 5: hizo ni kilowati 79. Ongeza kama 8 zinazoliwa na upepo na matairi kwenye mwendo huo, unapata 87 zinazofika barabarani. Giaboksi, konveta na mfumo wa kuendesha magurudumu manne vikichukua kama moja ya tano, injini yenyewe inakuwa inatoa kilowati 109 kwa wastani, yaani karibu hospawa 148. Usishangae kuwa si 260. Hizo hupatikana kwenye mizunguko 6,000, na sisi tulikuwa chini sana ya hapo. Makadirio yangu kwa Legacy GT nzima ni sekunde 5 na kidogo. Hii ilichukua 6.5. Kwa hesabu ileile, hospawa 117.

Kama tungeishia hapo, tungejua kwamba gari ni dhaifu na tusijue kwa nini. Tungeanza kubadili plagi, noseli, pampu ya mafuta, kimoja baada ya kingine, kwa pesa ya mwenyewe. Kilichookoa kazi ni shahidi wa pili.

Kwenye boksi la kichujio cha hewa kuna sensa inayopima hewa yote inayoingia, kwa gramu kila sekunde. Kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya dashibodi kinaionyesha kwenye simu. Vifaa vya bei nafuu husoma polepole, kwa hiyo chagua namba mbili tatu tu, si kumi. Injini ya petroli haiwezi kuunguza mafuta bila hewa, na mafundi wana kanuni ya mkono: gawanya gramu za hewa kwa 0.8 upate hospawa. Gari linalotoa hospawa 117 linapaswa kuvuta gramu 94 hivi. Wastani uliosomeka ulikuwa 120.

Hapa ndipo penye kiini cha kazi hii. Saa inasema injini imepata hewa ya gramu 94; sensa inasema zimepita 120. Moja ya tano ya hewa imepimwa mlangoni na haikuunguzwa. Zote mbili zingekuwa chini, ningeshuku injini isiyopumua: katalisti iliyoziba, turbo iliyochoka, kichujio kichafu. Hewa ikiwa sawa huku mizunguko ikiruka kuliko mwendo, ningeshuku giaboksi, na hilo tulilikagua. Uwiano wa gia ya tatu ni 1.471 na wa nne ni 1.000, kwa hiyo ikibadilika kwenye mizunguko 5,000 inapaswa kushukia karibu na 3,400. Ilishuka vizuri na ikatulia. Giaboksi haikuwa na kosa.

Hewa ilikuwa inatoroka baada ya sensa. Intakula ya Legacy, inayopoza hewa itokayo kwenye turbo, imekaa juu ya injini, na mpira mfupi unaiunganisha na mlango wa hewa wa injini. Fundi aliingiza moshi wa kupimia kwenye bomba la hewa, na moshi ukatokea kwenye mpira huo: klipu ilikuwa imekazwa ukingoni kabisa, mpira umekaa upande. Gari likiwa limewashwa bila kukanyagwa, hakuna mgandamizo wa kuusukuma, ndiyo maana kila kitu kilionekana shwari. Turbo ikianza kujaza, mpira unafunguka, hewa inatoka, na kompyuta inaendelea kumwaga petroli ya hewa ambayo haipo. Ule moshi mweusi na yale mafuta yaliyokuwa yakiisha haraka ni kitu kimoja.

Niseme neno kuhusu mwinuko, kwa sababu unawapoteza wengi. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa uko chini ya ule wa Dar es Salaam kwa karibu asilimia 15. Mark X isiyo na turbo inapoteza takriban kiasi hichohicho cha nguvu, ikiwa nzima kabisa. Ukiipima kwa takwimu za kitabu utaihukumu bure. Turbo inafidia kwa kuzunguka kasi zaidi, hivyo Legacy haipotezi sana, ila turbo inafanya kazi ngumu kuliko ilivyokuwa Japani.

Mpira ulikalishwa, klipu mpya ikafungwa, tukarudi kwenye njia ileile saa ileile ya asubuhi. Muda ulishuka hadi sekunde 5 na kidogo, hewa ikabaki palepale, na kwa mara ya kwanza namba mbili zikakubaliana. Kilichobaki kwenye usomaji ni kompyuta kuchelewesha moto wa plagi kila mizunguko inapopanda. Injini hii ilitengenezewa petroli bora ya Japani, inayokaribia oktani 100. Mwenyewe ameambiwa ajaze ile yenye oktani ya juu kabisa anayoipata mjini, amalize tangi mbili, halafu alirudishe gari lipimwe tena kwa gia ileile ya tatu.