Skurubu ya sailensa si dawa ya kila ugonjwa

Iwe Nyakanazi au Ngara mjini, pikipiki ya zamani ikizimika ukiachia mafuta, mafundi wengi hukimbilia bisibisi na kukaza skurubu ya sailensa kwenye kabureta. Inanguruma, unalipa, unaondoka. Hapo ugonjwa umefichwa tu. Mpira wa kabureta ukipasuka, injini inavuta hewa ya ziada na petroli inakuwa kidogo. Skurubu haizibi ufa. Na sailensa ikipanda mno, kwenye mteremko wa kuelekea Rusumo ukiachia mafuta injini haikuzuii vya kutosha. Breki inabeba mzigo wote, na abiria yuko nyuma.

Kabla ya bisibisi, weka gia huru, washa, geuza usukani kushoto na kulia. Mngurumo ukipanda, waya wa mafuta unavutwa. Fundi, tuanzie hapo.