Kura Bila Mpiga Kura

Swali la kwanza unaloandika kwenye hifadhidata, ukijifunza kuunda programu za wavuti kwa mafunzo rasmi ya Django, ni salamu. Kitu kama mambo vipi, ile ya kijana anayemkuta mwenzake steji. Chini yake unaongeza majibu matatu ya mzaha. Halafu, kabla hata chai haijapoa, unafundishwa kufuta. Jibu la tatu linaondoka. Halilalamiki, na hakuna mtu anayeliulizia.

Nimeyapitia mafunzo hayo mara nne. Mara tatu za kwanza nilikuwa natafuta kazi. Mara ya nne niliyasoma vile tunavyosoma riwaya: nani anaongea, anaongea na nani, nani ana jina na nani hana. Najua wapo watakaosema mwongozo wa kompyuta si fasihi, bana, tuachie mambo ya hadithi. Lakini nikihesabu marafiki zangu wa chuo, waliosoma mafunzo haya hadi mwisho ni wengi kuliko waliomaliza riwaya yoyote ambayo haikuwa ya mtihani. Maandishi yanayosomwa kwa bidii hivyo, usiku, kwa bando la kuhesabu, yanastahili mhakiki.

Kwa ambaye hajawahi: Django ni mfumo wa kuundia programu za wavuti kwa lugha ya Python. Mbele kuna kurasa unazoziona, nyuma kuna hifadhidata, yaani majedwali. Kila mstari wa jedwali ni kitu kimoja na kila safu ni sifa yake moja. Ukibonyeza kitufe kwenye ukurasa, mahali fulani mstari unaandikwa, unabadilishwa au unafutwa. Mafunzo yanakufundisha haya kwa kujenga programu moja ndogo ya kura ya maoni, na majedwali yake ni mawili tu. La kwanza ni la maswali: maneno ya swali na tarehe ya kuchapishwa. La pili ni la machaguo: maneno ya jibu, swali ambalo jibu hilo ni lake, na safu ya kura, ambayo ni namba inayoanzia sifuri.

Kwanza nitoe sifa, maana zipo. Sijasoma mwongozo mwingine ulioandikwa kwa utulivu kama huu. Haukupigii kelele, haukuahidi kwamba utakuwa tajiri, na hauruki hatua halafu ukuache unajiona mjinga. Sehemu yake ya tano ni karibu tamthilia. Mwandishi anakugeukia na kukwambia kwamba msimbo mliouandika pamoja tangu mwanzo una kosa: swali lenye tarehe ya wiki zijazo linahesabiwa kuwa limechapishwa juzi tu. Kosa hilo lilikuwa pale muda wote, ukalinakili mwenyewe, ukaridhika. Kutoka hapo unajifunza kuandika majaribio. Ni riwaya chache zinazomshika msomaji kwa namna hiyo.

Sasa, nani anaongea? Jibu limo ndani ya maandishi yenyewe. Django ilizaliwa kwenye chumba cha habari, katika gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas, Marekani, ambapo Adrian Holovaty na Simon Willison walianza kuijenga mwaka 2003. Ilitolewa kwa umma 2005. Mafunzo yanapofika kwenye ukurasa wa msimamizi, yanasema waziwazi kwamba mfumo ulitokea mahali ambapo wanaochapisha habari na umma unaozisoma ni pande mbili zilizotengana kabisa. Ukishajua hilo, kila kitu kinakaa mahali pake. Ile tarehe ya kuchapishwa ni ya mhariri. Swali ni la mhariri. Na mhariri anakumbukwa: kwenye ukurasa wa msimamizi kuna kitufe cha historia, ukikibonyeza unaonyeshwa nani alibadilisha swali, lini, na alibadilisha nini.

Je, mpiga kura? Hana jedwali. Hana mstari. Amekuja, amebonyeza, namba imepanda kwa moja, basi. Mtu aliyebadilisha herufi moja kwenye swali ameandikwa jina na saa, na mtu aliyejibu swali hajaandikwa popote.

Huko Kansas huenda hilo si neno. Ni kura ya gazeti, nani anajali? Lakini mimi nilikuwa nasomea Nairobi, na Mkenya hawezi kusoma neno kura kwa moyo mweupe. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais uliofanyika 8 Agosti, na kabla ya uamuzi huo nchi nzima, mpaka wauza mahindi choma, ilikuwa imejifunza neno seva. Fungua seva! Tuliligeuza wimbo na kichekesho. Kilichokuwa kinabishaniwa chini ya kelele zote hizo ni jambo ambalo mwanafunzi wa hifadhidata angelitambua mara moja: jumla iliyo kwenye skrini imetoka wapi, na je, naweza kuifuata kurudi nyuma hadi kituo kilipopigiwa kura? Ndiyo maana leo Mkenya wa kawaida anaijua Fomu 34A kwa jina kama anavyojua matatu ya kwao. Mwaka 2022 picha za fomu hizo, za vituo zaidi ya 46,000, ziliwekwa wazi mtandaoni, na watu wakakaa na simu zao wakijumlisha wenyewe. Namba bila fomu hatuiamini tena.

Jedwali la machaguo kwenye mafunzo ni namba bila fomu.

Na mafunzo yenyewe yanakaribia kulikubali hilo. Matoleo ya zamani yalikuwa na maelezo madogo ndani ya sehemu ya nne, ambayo nayapenda kuliko kitu kingine chochote mle. Yalisema hivi, kwa maneno yangu: tuseme watu wawili wanapiga kura kwa wakati mmoja kabisa. Kila mmoja anasomewa kwamba kura ni 42. Kila mmoja anaongeza moja, anaandika 43. Wawili wamepiga, imehesabiwa moja, na ilipaswa kuwa 44. Matoleo ya sasa yameziba tundu hilo kwa kuiambia hifadhidata iongeze yenyewe, badala ya programu kusoma namba, kuijumlisha pembeni na kuirudisha. Kitaalamu ni sawa kabisa. Lakini kura iliyopotea imeshughulikiwa kama tatizo la hesabu. Nani aliyepotea ni swali ambalo jedwali hilo haliwezi hata kuulizwa, kwa sababu hakuna alichoacha.

Ningeishia hapo, uhakiki wangu ungekuwa wa mtu anayetafuta kasoro kwenye kitabu cha watoto. Mfano ni mfano tu, utaniambia. Shida ni kwamba mfano ndio tunaoubeba. Mimi niliubeba hadi kwenye chama cha shangazi yangu.

Wako akina mama 23. Kila mwezi kila mmoja anatoa mchango, mmoja anapokea, na kiasi kinabaki cha kukopeshana. Hesabu zote zilikuwa kwenye daftari la jalada gumu, lile la kaunta buku, lenye mistari ya bluu na nyekundu, mwandiko wa shangazi. Nikasema nitawajengea programu. Nilichukua mafunzo na kubadilisha majina: palipokuwa na swali nikaweka mwanachama, palipokuwa na chaguo nikaweka mchango. Na kwa kuwa kila chaguo ni la swali fulani, na kila mchango ni wa mwanachama fulani, nikanakili mstari mzima unaounganisha jedwali moja na lingine, pamoja na neno lililo mwishoni mwake: CASCADE.

Neno hilo lina picha ya maporomoko ya maji. Maana yake ni kwamba ukifuta kilicho juu, vyote vinavyokitegemea chini vinafuatana navyo. Futa swali, majibu yake yanaondoka. Inaeleweka kabisa, majibu bila swali ni ya nini? Nyaraka za Django zinaeleza njia nyingine pia, ikiwemo PROTECT, inayokataa kufuta kitu ambacho kingine bado kinakitegemea. Sikuzisoma. Kosa ni langu, silisukumi kwa mtu.

Baada ya miezi saba mama mmoja alihamia Kisumu, akatoka kwenye chama. Nikamfuta. Kubonyeza mara mbili. Ukurasa uliniuliza kama nina hakika na ukaniorodheshea michango yake saba, nami nikasema ndiyo, kwa sababu mtu akiulizwa kama ana hakika saa tano usiku husema ndiyo. Kwenye kikao kilichofuata jumla ya chama ilikuwa imepungua, na mkopo mmoja ulikuwa umetoka kwenye pesa ambazo kwa mujibu wa simu yangu hazikuwahi kuwepo.

Shangazi hakupandisha sauti. "Wewe, umemtoa, sawa. Na pesa yake umeipeleka wapi?"

"Haijaenda popote, shangazi. Ni kwenye kompyuta tu."

"Kwenye kompyuta tu," akarudia, akiwaangalia wenzake, na sijawahi kuona kibarua kikiota nyasi haraka hivyo.

Akafungua daftari. Jina la yule mama lilikuwa pale, limepigwa mstari mmoja kwa kalamu nyekundu, na chini ya mstari bado unalisoma. Pembeni ameandika tarehe aliyotoka, kiasi alichorudishiwa, na herufi za kwanza za waliokuwepo. Shangazi hajawahi kusikia habari za Edgar Codd, yule wa IBM aliyetoa mwaka 1970 karatasi ambayo hifadhidata za majedwali zinasimama juu yake. Lakini alijua kitu ambacho mimi, mwenye cheti, sikukijua: kwenye daftari la pesa hufuti, unaandika mstari mwingine. M-Pesa nayo hufanya vivyo hivyo. Ukituma kimakosa na ukarudishiwa, ule muamala wa kwanza hautoweki, unapata ujumbe wa pili wenye msimbo wake.

Nilijenga upya kwa wiki tatu. Safu ya jumla niliitoa kabisa. Kuna jedwali la michango, kila mstari na tarehe, kiasi, msimbo wa M-Pesa na aliyeingiza, na jumla inahesabiwa upya kila inapoulizwa. Mwanachama akitoka anabaki, anaandikiwa tu kuwa ametoka na lini. CASCADE imekuwa PROTECT. Ni polepole kidogo. Hakuna aliyelalamika.

Kuna hoja mbili dhidi yangu, na zote ni nzito kuliko nilivyotaka. Ya kwanza ni siri. Ukiandika nani alipiga kura ya nini, umeunda orodha ambayo mtu mbaya atakuja kuitafuta, na hapa kwetu hatuhitaji kuelezwa inaweza kutumika vipi. Kweli. Lakini sanduku la kura la kawaida lilishalitatua hilo: jina lako linawekewa alama kwenye sajili, na karatasi yako, isiyo na jina, inaingia sandukuni. Kuna ushahidi kwamba ulikuja na kuna ushahidi wa kura, bila uzi wa kuviunganisha. Hayo ni majedwali mawili ambayo hayajuani. Lingekuwa somo tamu kweli, na mafunzo yana mfano mkononi tayari.

Ya pili ni haki ya kufutwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa Mkenya haki ya kudai data ya uongo au ya kupotosha kumhusu ifutwe. Kwa hiyo siwezi kusimama hapa nikisema usifute kamwe. Hapa ninakiri kwamba daftari la shangazi haliniokoi, kwa sababu mstari mwekundu haufichi kitu. Yule mama wa Kisumu akinipigia kesho akitaka jina lake litoke, nitalazimika kuamua ni nini chake na ni nini cha chama, safu kwa safu. Ninachokilaumu kwenye mafunzo ni kwamba uamuzi huo wote umelala ndani ya neno moja mwishoni mwa mstari, na mwanafunzi analipita kama mkato. Sehemu nzima imetengwa kwa kupamba kurasa kwa rangi na picha. Kufuta kumepewa mstari mmoja, wa kuliondoa lile jibu la tatu.

Bado nawaambia wanaoanza wasome Django kwanza. Nawaambia tu wabadilishe mfano siku hiyohiyo, kabla vidole havijazoea. Weka deni la duka. Weka karo. Weka kitu ambacho mtu atakuja kukuuliza.

Shangazi hakuliacha daftari. Kila kikao yeye anasoma kutoka kwenye kurasa, mimi nasoma kutoka kwenye simu, na akina mama wanasikiliza kama tunalingana. Mwezi uliopita tulipishana kwa shilingi 200. Tulikaa mpaka saa mbili usiku tukipitia mstari kwa mstari, chai imeisha, watoto wanapiga simu. Ilikuwa faini ya kuchelewa. Yeye alikuwa ameiandika pembeni mwa ukurasa, na programu yangu haikuwa na jedwali la faini.