Mafiga Matatu, Mawe Manane

Shule za Uganda zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, mpwa wangu alikuwa darasa la tano. Zilikuja kufunguliwa kwa wote Januari 2022, na kipindi hicho chote alikaa nasi hapa Mbale, chini ya genge la Wanale, kwa mama yangu, ambaye yeye humwita kukhu, kama tunavyowaita nyanya zetu Bugisu. Vitabu tulivimaliza mapema. Kilichobaki ni kompyuta yangu ya zamani, ambayo betri yake haikutimiza saa mbili stima ikipotea, na gemu moja ndani yake: Minecraft.

Asiyeijua aipate hivi. Unaamka nyikani mikono mitupu. Unaupiga mti ngumi mpaka gogo linatoka. Gogo moja linatoa mbao nne, na mbao nne zikipangwa mraba zinakuwa meza ya fundi. Juu ya meza hiyo, mbao tatu na vijiti viwili vinakuwa sururu. Sururu ya mbao inavunja jiwe, na jiwe linazaa sururu inayomshinda mama yake. Mawe manane yakizungushwa, tundu likaachwa katikati, yanakuwa tanuri. Tanuri likipata makaa ya mawe linakutolea chuma. Haya yote uyafanye kabla jua halijazama, na siku nzima ya gemu hiyo, mchana na usiku wake, ni dakika 20 tu. Giza likiingia mazimwi yanatoka.

Jioni moja mama alikuwa nje anapika malewa. Malewa ni machipukizi ya mianzi ya msituni juu, yaliyokaushwa kwa moshi mpaka yakawa na rangi ya ngozi ya kiatu, na hayalainiki kwa maji matupu. Yanataka maji ya majivu. Mama alikuwa amechoma maganda makavu ya maharage, akayatia majivu yake katika chungu kikuukuu chenye matundu chini, kisha akawa anamwagia maji kwa kikombe, kidogo kidogo. Chini ya chungu palikuwa na sufuria. Tone lilitoka, likakaa pembeni mwa tundu, likajaa, likaanguka. Rangi yake ni ya chai ya rangi iliyokolea. Huwezi kuliharakisha: ukimwaga maji mengi yanapita bila kuchukua chumvi ya majivu, na malewa yatakataa kuiva. Mpwa wangu alisimama pale na kompyuta kifuani, akahesabu kwa vidole: maganda, moto, majivu, chungu, maji, halafu malewa, halafu karanga za kusaga.

"Mjomba," akasema, "kukhu pia anakrafti."

Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta maneno ya kueleza kwa nini gemu za namna hii, za kujinusuru kwa kukrafti, yaani kuunda vitu, zimewashika watu wengi kiasi hiki. Minecraft ilianza kama kazi ya Mswidi mmoja, Markus Persson, aliyeionyesha watu mwaka 2009. Ikatoka rasmi Novemba 2011, kampuni yake ikanunuliwa na Microsoft mwaka 2014 kwa dola bilioni 2.5, na kufikia Oktoba 2023 nakala zaidi ya milioni 300 zilikuwa zimeuzwa. Ndugu zake wamekuwa wengi: Don't Starve ya Wakanada mwaka 2013, Valheim ya Waswidi wengine Februari 2021, Subnautica ya chini ya bahari, Rust ya vita vya watu kwa watu. Husemwa kwamba watu wanapenda hatari. Mimi siamini hivyo. Hatari iko katika gemu za bunduki, na ni kubwa kuliko ya hizi.

Kinachopendwa, kwa maoni yangu, ni ukoo wa vitu. Kwetu ukifika kwa watu, swali la kwanza si kazi yako wala cheo chako. Unaulizwa wewe ni wa nani, wa ukoo gani, kwenu ni wapi mlimani. Mtu asiye na jibu la swali hilo hajafika bado, hata kama amekwisha keti. Lakini vitu vya nyumbani mwetu hatuviulizi. Ndoo ni ya dukani, panga ni la dukani, kiberiti ni cha dukani, kana kwamba duka ndilo lililovizaa. Katika gemu hizi, mlango uliosimama mbele yako unaujua mpaka mti wake. Unakumbuka ulikoukata na jua lilikuwa wapi. Chakula mezani kina baba na mama. Ndiyo maana kibanda kibaya cha udongo ulichojichimbia usiku wa kwanza, mazimwi yakilia nje, hukisahau hata ukija kujenga kasri. Mpwa wangu ana kasri sasa. Ukimwomba akuonyeshe dunia yake, anakupeleka kwanza kwenye lile tundu.

Mjini Mbale vibanda vya gemu vimejaa mpira. Mteja hulipa kwa mechi, dakika chache, mshindi anabaki, aliyefungwa anampisha mwingine. Gemu ya kuunda haiingii katika hesabu hiyo, kwa sababu dakika za mechi moja hazitoshi hata kupata makaa. Kwa hiyo hizi zimekaa majumbani, katika simu na kompyuta za mkono wa pili, na wachezaji wake hukutana wakijadili kama wakulima: umepanda nini, umefika kina gani, umepata chuma?

Na wana malalamiko. Njaa ndiyo ya kwanza: katika gemu nyingine tumbo la mhusika linaisha haraka mno, ameshiba asubuhi, mchana anakufa, kwa hiyo unakuwa mtumwa wa matunda ya porini. Mfuko unajaa, unasimama katikati ya pango ukichagua utupe nini. Kuna kazi ya kurudia-rudia, mawe mia tano ya aina moja. Kuna gemu zinazouzwa zikiwa mbichi kwa ahadi kwamba zitaivishwa baadaye, na nyingine haziivi. Na katika Rust unaamka na jiwe na mwenge tu, unajenga wiki nzima, kisha wageni wanakuvunjia nyumba saa nane usiku ukiwa umelala kitandani kwako halisi. Vijana niwajuao wamecheza Rust mara moja na hawakurudi, na nawaelewa.

Lalamiko moja nataka kulikalia, maana ndani yake mna jambo. Katika Valheim kuna milango ya ajabu: unajenga mmoja hapa na mwingine ng'ambo ya bahari, unapita kufumba na kufumbua. Lakini shaba, bati na chuma havipiti. Ukichimba chuma mbali, utakibeba kwa merikebu na mkokoteni, upepo upende usipende. Wachezaji walilia sana. Waundaji walishikilia msimamo wao, na mwaka 2023 ndipo walipoongeza mpangilio wa kumruhusu anayetaka. Mimi nilikuwa upande wa waliokataa. Alfajiri yoyote hapa Mbale utaona watu wanashuka Wanale na mikungu ya matoke kichwani, kwa njia ambazo mvua imezifanya sabuni, wakikanyaga kwa vidole vya mguu. Aliyenunua mkungu sokoni bila kuiona njia ile hajui alichonunua. Safari ni sehemu ya ukoo wa kitu. Ukiifuta, chuma kinakuwa cha dukani tena.

Lakini kuna upungufu ambao wachezaji hawausemi sana, na mimi niliuona kwa fundi.

Nilimpeleka mpwa wangu kwa mhunzi mmoja upande wa sokoni, mzee ambaye fuawe yake ni kipande cha reli na feni ya moto wake inazungushwa kwa gurudumu la baiskeli. Amejenga kibanda chake kikawa na giza kusudi. Nilidhani ni umaskini wa madirisha, kumbe juani huwezi kuisoma rangi ya chuma. Siku hiyo alikuwa anatengeneza tindo ya mwashi kutokana na springi ya lori. Aliitia ncha motoni mpaka ikawa rangi ya papai bivu, akaipiga, akairudisha, akaipiga. "Kikiwa cheupe na kinatema cheche," alimwambia kijana bila kugeuza uso, "ujue umekiua. Hakifufuki."

Umbo lilipokamilika aliipasha tena, akachovya ncha peke yake majini, kiasi cha pingili ya kidole, akaitoa. Ncha imekuwa nyeusi na ngumu, lakini nyuma yake bado mna joto. Akachukua kipande cha jiwe akaisugua ncha haraka mpaka ikang'aa, akaishika karibu na uso wake, akangoja. Tukainama. Kutoka nyuma, kwenye joto, rangi ilianza kutambaa kuelekea kwenye ncha kama chai inavyopanda kwenye kipande cha sukari: kwanza ya majani makavu, kisha ya kahawia, na nyuma yake zambarau. Rangi ya majani makavu ilipogusa ukingo, aliitumbukiza tindo nzima. Angeiwahi, ingekatika kama chaki kwenye jiwe la kwanza. Angechelewa mpaka bluu, ncha ingejikunja. Kati ya kuwahi na kuchelewa palikuwa na muda wa kuvuta pumzi mara mbili, na muda huo hauandikwi popote. Anao yeye machoni.

Katika Minecraft tanuri huyeyusha kila kipande kwa sekunde kumi, siku zote, kwa mtoto na kwa mkongwe sawasawa. Sururu ya mbao hudumu mapigo 59, ya jiwe 131, ya chuma 250, ya almasi 1,561, halafu inapasuka na kutoweka. Mkono haujifunzi. Sururu yako ya elfu ni pacha wa ile ya kwanza, na kujua kwako kote kumo katika orodha ya vifaa, hakuna kilichobaki kwenye vidole. Chombo nacho hakizeeki, kinakufa tu. Shoka la marehemu baba yangu limebadilishwa mpini mara nyingi na limenolewa hadi uso wake umekuwa mwembamba upande mmoja, upande aliouegemea yeye kwa kuwa alitumia mkono wa kushoto. Ukilishika unashika desturi ya mtu. Valheim imelisogelea hili kidogo: chombo kilichochakaa unakirudisha mezani, unakitengeneza bila kulipa kitu, unaendelea nacho. Wachezaji waliipenda sana ruhusa hiyo. Nadhani walikuwa na kiu ya shoka la baba.

Kuna jingine, zito zaidi, na labda linasemwa na watu wa mlimani tu. Katika Minecraft ukiondoa udongo chini, udongo wa juu unabaki umening'inia hewani. Mchanga na changarawe huanguka; udongo hapana. Kata msitu wote wa mteremko, chimba kilima mpaka kiwe kama jino bovu, na mvua ikinyesha ni mapambo. Sisi tulizika watu wa Nametsi, Bududa, mlima uliposhuka juu yao tarehe 1 Machi 2010. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala iliingia mjini Mbale na kuua. Mvua kubwa, miteremko mikali, udongo uliopoteza mizizi. Mpwa wangu alikuwa nyumbani usiku ule. Wiki kadhaa baadaye nilimwona anapanda miche kwenye mlima aliokuwa ameukwangua ndani ya gemu, mmoja baada ya mwingine, ingawa gemu haikumdai hata mmoja. Sikumwuliza kitu.

Tena ardhi ya gemu haina mwenyewe. Mti wa kwanza unaoupiga ngumi ni wako kwa kuwa umeupiga. Mlima Masaba, ambao ramani zinauita Elgon, una mipaka: hifadhi ya taifa ilitangazwa mwaka 1993, na ugomvi wa mpaka huo umewagharimu watu mashamba yao. Leo vijiji kadhaa vina makubaliano na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda ya kuingia kuchuma malewa. Sufuria ya mama yangu, basi, ina ndani yake mianzi, moshi, maganda ya maharage, na pia mkataba. Hilo nalo ni ukoo. Natamani siku moja gemu ya namna hii itengenezwe na mtu wa hapa, ambamo kabla ya kukata itakubidi upige hodi.

Pamoja na hayo yote nazishukuru gemu hizi kwa moyo wangu wote. Zilimfundisha mtoto aliyefungiwa nyumbani karibu miaka miwili kwamba kila kitu kilitengenezwa, na kwamba kilichotengenezwa kinaweza kutengenezwa tena. Bila hiyo asingesimama kulitazama tone la majivu. Nami nisingesimama naye.

Likizo iliyopita alikuja na simu, akamwonyesha bibi yake nyumba aliyoijenga kwenye genge lililofanana na Wanale. Jikoni ameweka tanuri la mawe manane, linalofanya kazi, na pembeni yake mafiga matatu yenye moto wa kuni katikati. Mafiga hayo gemu haiyatambui. Ni mawe tu kwake. Mama aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akaileta karibu. Akatazama mafiga, akatazama kuta, akatazama dari.

"Vizuri, mjukuu wangu," akasema. "Na moshi utapitia wapi?"

Kijana aliichukua simu, akapanda juu ya paa, akatoa matofali mawili.